Mgonjwa wa Saba na Damu ya Nikodemu

Jumamosi, 3 Mei 2025

Na mie sasa nina daftari langu.

La Dokta lipo, lile la safu safu: maumivu kuanzia sifuri mpaka kumi, tumbo sentimita ngapi, umekula nini, umelala saa ngapi. Analikagua kila nikienda, kama mwalimu wa zamu. Hili halikaguliwi na mtu. Nikodemu, ninayekaa naye geto hapa Tandika, hawezi kulisoma – mtu anauza spea za pikipiki mwaka wa tano huu na maboksi bado anayatambua kwa rangi.

Utambulisho, maana msomi huanza na utambulisho. Isack. Miaka ishirini na moja. Shule: Form Two niliingia, nikaitazama, tukashindwana. Kazi: mgonjwa. Tena siyo mgonjwa wa rejareja kama nyie wa malaria. Mie wa jumla! Ugonjwa wangu unaitwa Gosheri, na ukiutaja hospitali nesi anakupa kalamu uandike mwenyewe. Kwa hesabu ya Dokta Tusajigwe, kwenye orodha yake tuko kumi na wawili tu. Tunaenea kwenye Noah moja na mizigo yetu.

Na humo ndani ya Noah, nyota ni mie. Kwenye makala za Dokta naitwa Mgonjwa wa Saba. Jina halitajwi, siri. Ila lile tumbo pichani, uso umefichwa kwa mstari mweusi – langu! Limesomwa mpaka Ulaya. Tumbo la Nikodemu limesomwa wapi?

Ishu yenyewe, anavyoeleza Dokta: ndani ya kila chembe ya mwili kuna vijifuko vya kusaga taka, vinaitwa lisosomu. Ndani ya vijifuko kuna vimeng'enya, kila kimoja na taka yake. Changu kimoja hakifanyi kazi. Basi mafuta machafu yanalundikana kwenye bandama, kwenye ini, kwenye mifupa. Aliponieleza mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi, nikamwambia, Dokta, hiyo si Mabibo sokoni gari la taka likigoma? Maganda ya ndizi yanafika mpaka mezani kwa mama ntilie! Akacheka, akaandika. Siku hizi anawafundishia wanachuo mfano huo huo. Jina langu hataji. Wizi mtupu.

Jumatatu, 5 Mei 2025

Naandikia kitandani. Siyo cha geto. Cha hospitali moja huku huku Temeke, wodi ya wanaume, jirani yangu anakoroma kama bajaji yenye ekzosi mbovu.

Jana alasiri kulikuwa na singeli mtaa wa nyuma. Dokta alishasema: Isack, bandama yako imekua mara kumi ya bandama za watu, ukipigwa kiwiko ikapasuka umekwisha, usijichanganye kwenye mangoma. Na mie kucheza sikwenda. Nilikwenda kuangalia. Sasa DJ kaniona, kanitaja kwenye spika: "Isack wa Tandika, baba wa kitambi!" Hapo mtu unafanyaje? Unaweka heshima kidogo. Nikaweka. Watu mayowe! Nikaweka tena. Pua ikafunguka. Sie damu haigandi upesi, ni moja ya zawadi za huu ugonjwa. Shati jeupe likawa jekundu, nikaona watu wanakuwa wadogo wadogo, nikadondoka. Sista mmoja alikuwa anarekodi. Bila shaka nimeshakuwa maarufu.

Nikodemu kanileta kwa pikipiki, kanifunga mgongoni kwa kanga ya mtu. Daktari wa zamu kasema damu imebaki kidogo mno, chupa mbili haraka, ndugu watoe. Ndugu yangu mjini nani? Mama yuko Tukuyu. Katoa Nikodemu. Kundi letu moja, wakaipima, ikafaa. Ya pili ya mtu nisiyemjua, imemalizika asubuhi hii.

Nikodemu hana aibu. Kaja na uji, kakaa kwenye kiti, kaanza: "Kuanzia leo nikikutuma maji unainuka. Ukinitukana, unaitukana damu yako mwenyewe."

Nimemuapisha. Dokta asijue. Akijua nimecheza atampigia mama, na mama akipigiwa, mie kesho nipo Tukuyu nachuma chai na tumbo hili.

Kwenye daftari la Dokta nimejaza hivi. Jumapili: maumivu 2, nilipumzika. Jumatatu: maumivu 2, nilipumzika. Uandishi uliotukuka.

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimeruhusiwa. Wamenipa karatasi: chupa mbili, tarehe 5/5, muhuri. Nimeifutika chini ya godoro.

Nguvu zimerudi kinoma. Nimepanda ngazi za mpangaji wa juu mara mbili, bila shida yoyote, kwenda kumsalimia tu. Nikodemu anasema hiyo ni damu yake, ilishazoea kukimbia wenye duka.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Siku ya kadi.

Maabara ya Dokta ni chumba kimoja kwenye jengo la zamani huku Kinondoni: mashine ya kusoma mwanga, jokofu, kiyoyozi, na kibao mlangoni chenye jina refu kuliko mlango. Unachomwa kidole, damu inadondoshewa kwenye kadi nene ya karatasi, viduara vinne, inakaushwa kivulini saa nne nzima. Hupulizi, huaniki juani, huweki juu ya mwenzake. Kimeng'enya kina deko kuliko mtoto wa mwisho.

Miaka kumi na tisa huyu mama anasomea takataka za kwenye chembe. Kumi na tisa! Mie pindi la dakika arobaini lilinitoa shule. Alikwenda ng'ambo, akasoma mpaka walimu wakaishiwa, akarudi kuomba nafasi ya utafiti. Mabosi wakamuuliza: haya magonjwa ya Wazungu yanatuhusu nini, si ufanye malaria kama wenzako? Wenzake wa malaria leo wanapita na magari ya vioo vyeusi. Yeye ana Vitz na jokofu. Jokofu lenyewe nyuzi themanini chini ya sifuri, umeme ukikatika analikimbilia kama mwanawe kaanguka kisimani. Wanachuo wake wakishahitimu wanakwenda kufanya kazi benki. Majirani zake kule Mbezi Beach wanamgongea geti wakiumwa migongo, si wamesikia dokta. Akiwaambia mimi si wa kutibu, mimi ni wa kemia ya mwili, wanaondoka wanamsikitikia: masikini, kumbe alifeli.

Sasa safari hii kuna jambo. Wafadhili wa nje wamekubali kutoa dawa! Siyo ya kupunguza maumivu. Kimeng'enya chenyewe, cha kuwekewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Orodha inaondoka Ijumaa tarehe 30, saa sita mchana. Kila jina liende na kipimo kipya, kisichofika mbili. Mtu mzima wa afya anaanzia tano kwenda juu. Mie miaka kumi na moja sijawahi kupita moja nukta moja. Bingwa!

Tulichomwa wawili leo, wengine walishamaliza. Mie na mtoto mgeni, Flaviana, miaka minne, kaletwa na mama yake, Yustina, wa Mbagala. Baba mtu ni Augustine, anachonga vinyago Mwenge, watu wa Masasi. Kwenye kadi kaandikwa namba kumi na mbili.

Huyo mtoto ana tumbo! Kanitazama, kanitazama, kaniuliza: "Wewe una mimba?"

"Ndiyo. Na wewe?"

Kafikiri. "Mimi nina wali."

Mama yake akambana mdomo, mie nimecheka mpaka bandama ikagoma.

Namba kwenye kadi nimeandika mie, nimemuomba Dokta mwenyewe, mwandiko wangu mzuri kuliko wake. Saba. Kumi na mbili. Halafu fomu ya maswali. Swali la tisa: umeongezewa damu ndani ya siku tisini? Nikaweka vema kwenye Hapana. Fomu zinapenda umbea sana.

Jumatano, 14 Mei 2025

Hakuna jipya. Video ya singeli ipo mtandaoni. Nimeonekana sekunde nne, zote nipo chini.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Nimeitwa maabara asubuhi asubuhi. Shikamoo haikuitikiwa. Nikajua leo kuna jambo.

Dokta kaweka kadi mbili mezani. Saba: tano nukta mbili. Kumi na mbili: sifuri nukta tisa.

"Isack. Namba uliandika wewe?"

"Mie mwenyewe, Dokta. Si umeona nilivyozipanga?"

"Nimeona ulivyozichanganya!"

Akaniwakia. Miaka kumi na moja nakupima, haijawahi kupita moja nukta moja, leo tano? Kimeng'enya hakioti kama uyoga! Kadi ya mtoto umeipa namba yako, yako umempa yeye. Nimekuamini, kijana wangu, na wewe akili yote ipo mdomoni.

Mie? Kuchanganya? Saba niliandika damu ya kidole changu bado inanitoka, na kumi na mbili nilimsubiri Flaviana amalize kulia. Nikafungua mdomo nijitetee. Halafu nikamuona anavyofuta miwani, mama wa watu amefurahi kupata mtu wa kumgombeza. Nikasema: labda, Dokta. Labda nilichanganya. Samahani.

Uungwana wangu utaniua.

Basi, hesabu imenyooka: ile ya sifuri nukta tisa ni yangu, naingia kwenye orodha. Flaviana mzima, tumbo lake huenda ni malaria za mfululizo. Dokta kasema kwa haki angetuchoma tena wote wawili, lakini kemikali ya kipimo imekwisha na shehena ya pili inaingia mwezi Juni, orodha imeshaondoka. Haipendi hali hiyo. Karudia mara tatu kwamba haipendi. Atamrudia mtoto Juni.

Kampigia Yustina hapo hapo, simu ikiwa juu ya meza. Kigelegele kilichotoka humo! Mpaka mlinzi kachungulia. Kisha Yustina kaomba nipewe simu: "Mdogo wangu, Mungu akubariki kwa kuchanganya!"

Nimepokea baraka. Nani anakataa?

Jumanne, 20 Mei 2025

Ningekaa kimya leo. Sijui nani alinituma niulize.

Nilikwenda kupeleka lile daftari lake. Dokta ana furaha, kanipa chai, kanionyesha fomu ya wafadhili. Na mie kwa kujifanya msomi nikauliza: hivi swali la tisa, la kuongezewa damu, linahusu nini?

Kaniambia kwa raha zake zote, kama anafundisha darasa. Kipimo kinasoma vimeng'enya vya chembe nyeupe zilizomo kwenye tone la damu. Ukiongezewa damu ya mtu, chembe zake zinaingia na vimeng'enya vyake. Ukipimwa siku hizo, mashine inampima yule aliyetoa. Mgonjwa anaonekana mzima kwenye karatasi. Ndiyo maana wafadhili wameweka sheria: aliyeongezewa damu, kipimo chake hakikubaliki mpaka zipite siku tisini.

"Na orodha ikiwa imeshaondoka?"

"Basi. Mwakani hawajasema kama watarudi." Kanitazama. "Kwani vipi?"

"Nauliza tu, Dokta. Sayansi."

Tano nukta mbili. Siyo ya Flaviana. Ya Nikodemu! Mtu ambaye hajawahi kuwa na kitu kamili maishani, hata soksi, ndiye mwenye vimeng'enya kamili. Sikuchanganya. Namba niliandika vizuri, kama nilivyosema.

Kwa hiyo ile sifuri nukta tisa ni ya mtoto.

Jumatano, 21 Mei 2025

Nimehesabu kwenye kalenda ya kinyozi. Siku tisini kuanzia tarehe 5 Mei: tarehe 3 Agosti.

Maumivu 7. Nyonga. Kwenye daftari la Dokta nimeandika 7, mara moja hii ukweli.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Nimemwambia Nikodemu. Kosa. Jambo la kwanza kadai apewe cheti. "Tano nukta mbili! Halafu wazee wa kwetu walisema sitafaulu mtihani wowote!"

Jambo la pili, kaacha kucheka. Kasema: mwana, nyamaza. Wewe unangoja dawa tangu mtoto, yule ana siku mbili. Ana miaka minne, atapata mwakani. Nikamwambia mwakani hawajasema. Kasema: na wewe je, umeshasemewa? Ukilazwa tena nani atatoa chupa? Mie? Nina chupa ngapi mie?

Anajua kuuliza, kwa mtu asiyejua kusoma.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Nimekwenda Mbagala kwa Yustina. Kwa nini? Matembezi. Nimepeleka biskuti.

Nyumba ina furaha, unaweza kuikata kwa kisu ukaigawa. Augustine yuko kibarazani na tupa na patasi, anamchongea Dokta mama amebeba kibuyu, kipande cha mpingo kizuri. Kaniambia na wewe nitakuchongea, ndiye uliyetuletea habari. Nikamwambia punguza tumbo kwenye kinyago. Kasema kwa tumbo hilo mti hautoshi.

Wanaondoka Ijumaa alfajiri, Yustina na mtoto, kwenda Masasi kumuonyesha bibi. Wanakwenda kukaa. Kliniki ameacha, "ya nini, mtoto mzima bwana!" Mama mkwe alikuwa anasema mtoto ana mkono wa mtu, sasa Yustina kampigia na kumpa vipande vyake, kanisimulia vyote, hatua kwa hatua, na sauti za wote wawili.

Flaviana alikuwa amekaa mlangoni, hachezi. Nikamuuliza, wali umeisha? Kasema mguu unauma. Huu hapa, ndani. Siyo juu, ndani.

Yustina kanisikia nikirudia. "Ndani wapi! Anakua huyo. Watoto wakikua miguu huuma."

Mama alisemaga hivyo hivyo. Neno kwa neno. Nilikuwa na miaka mitano, nimekaa mlangoni vile vile, wenzangu wanacheza gololi. Nilikua mpaka nikashindwa kusimama, nikabebwa kwenda shule mgongoni, halafu ikawa haina maana kubebwa.

Biskuti nimezila mwenyewe njiani. Sijui hata kwa nini sikuziacha.

Jumanne, 27 Mei 2025

Leo nilikwenda kumwambia Dokta. Naandika ili nijue kwamba nilikwenda.

Nilimkuta peke yake, orodha iko kwenye kompyuta. Majina kumi na moja. La kwanza langu! Nikasema, Dokta, nina neno. Kasema kaa, na mimi nina neno, halafu likawa lake tu.

Kasema mwaka ule alioanza, mzee mmoja kwenye kikao alimwambia utapata mgonjwa mmoja uandike makala moja, halafu utarudi kwenye malaria. Kasema mgonjwa wa kwanza kumtambua alikuwa mtoto wa miaka sita, majibu yalitoka wakati mtoto ameshazikwa. Aliyapeleka msibani, mama wa marehemu akayapokea akayakunja, akauliza dawa yake ni ipi. Kasema: "Isack, miaka kumi na tisa nahesabu wagonjwa. Najua kila mmoja amepungukiwa kiasi gani mpaka nukta. Sijawahi kumtibu hata mmoja. Ijumaa hii ndiyo mara ya kwanza."

Kisha kauliza, neno lako?

Nikasema naomba chai.

Mie, ambaye wanachuo wa Dokta wanasema nikifa mdomo utazikwa siku ya pili yake. Chai! Tena nikaiacha nusu.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Karatasi ya hospitali nimeitoa chini ya godoro. Imekunjamana lakini muhuri unaonekana.

Nikodemu kaniona. Baadaye kidogo kasema pikipiki ina mafuta. Basi la kusini linapakia Rangi Tatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, yeye anaamka kumi. Kisha kanitukana, sitaandika.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Naandikia kwenye benchi la maabara, nje ya mlango wa Dokta. Saa tano kasorobo. Yuko ndani tangu asubuhi, anaongea na wafadhili kwenye kompyuta, mlinzi kasema tusigonge.

Alfajiri tulilikuta basi limeshawasha injini. Nikapanda. Yustina yuko siti ya tatu, mtoto amelala mapajani.

"Mama Flaviana, shuka."

"Nishuke niende wapi, we mtoto? Gari linaondoka!"

"Kadi hazikuchanganyika. Mie niliongezewa damu nikaficha. Ile nzima ni yangu, siyo yangu, ya rafiki yangu. Flaviana anaumwa."

Hakunielewa. Nikasema tena, polepole, kama Dokta. Mara ya tatu kanielewa. Kofi lilisikika mpaka kwa abiria wa nyuma! Konda akapiga kelele: "Mama, ugomvi wa mume malizieni chini, twende!"

"Mume nani? Huyu?" Yustina alichukia zaidi hilo.

Akashuka. Mtoto begani, begi kichwani, mie nimebeba ndoo ya plastiki yenye zawadi za bibi. Pale chini kaanza upya. Siku kumi na moja! Siku kumi na moja nimemtukana mama mkwe kwa kinywa hiki hiki! Nimegawa dawa za mtoto kwa jirani! Na wewe ulikuja kwangu, ukakaa, ukala wali wangu!

Yote kweli. Wali ulikuwa wa nazi.

Halafu kaweka begi chini. "Na wewe, ukishasema huko kwa Dokta, unapata nini?"

"Kofi nimeshapata."

"Sikutanii. Dawa yako?"

"Agosti wanaweza kunipima."

"Dawa ipo Agosti?"

Nikamwambia Nikodemu awashe pikipiki. Yustina alipanda, mtoto katikati yetu, hakunishika bega, alishika kiti.

Sasa tumekaa. Augustine amepigiwa, anakuja kutoka Mwenge. Nikodemu yuko getini na mlinzi, anamweleza kuhusu vimeng'enya vyake, namsikia mpaka hapa. Flaviana ameamka. Kauliza hapa ni Masasi? Kaambiwa bado. Kainua sketi kanionyesha mguu, kwamba leo ni huu mwingine. Yustina kaona. Safari hii hakusema anakua.

Nimeshabadili mkao mara sita. Nyonga tu hiyo, haina uhusiano.

Karatasi ninayo mkononi. Nimeshaisoma mara kumi, na mie kusoma ni mpaka nilazimishwe. Chupa mbili. Tarehe 5/5. Nafikiria nimwambie nini kwanza, damu au singeli. Labda damu. Singeli atanisamehe mwaka kesho.

Saa tano na dakika ishirini. Ndani kuna vicheko vya Kizungu. Dokta anacheka! Sikujuaga kama ana meno ya nyuma.

Mlango umefunguliwa. Ni yeye, amevaa kitenge kipya, miwani ameipandisha kichwani. "Isack! Hata sijakuita umekuja! Ingia haraka uwasalimie, wanataka kumuona Mgonjwa wa Saba, jina lako ndilo la kwanza." Hajamuona Yustina. Sasa amemuona. Anatabasamu, anamwambia karibu mama, mmekuja kuniaga?

Yustina ananitazama mie. Flaviana naye.

Dokta anakuja huku kwenye benchi, mkono ameshaunyoosha kwa mbali, anadhani hii karatasi nimemuandikia shukrani –